Kuthibitisha Stempu za Urundi za 1916: Tuanzie Kwenye Wino, Tuishie Kwenye Barua



Stempu ya kwanza kubeba jina la Urundi haikuchorwa kwa ajili ya Urundi. Ilikuwa stempu ya Kongo ya Ubelgiji ya mwaka 1915, kazi ya wachapaji Waterlow wa Uingereza, na mwaka 1916 ikagongwa juu yake muhuri wa mkono wenye herufi sita tu: URUNDI. Nyingine za mfululizo uleule ziligongwa RUANDA. Wakusanyaji wamezoea kuziita zote “Tombeur”, kwa jina la Jenerali Charles Tombeur aliyeongoza majeshi ya Ubelgiji dhidi ya Wajerumani katika vita vya Afrika Mashariki. Kila jina lina stempu nane, kuanzia santimu 5 hadi faranga 5. Ni stempu zinazotafutwa sana, na kwa sababu hiyo zimeghushiwa kwa ustadi, hata katalogi za kimataifa zinazoziorodhesha huwaonya wasomaji wake. Hoja ninayoileta mbele yenu ni moja. Stempu ya aina hii haithibitishwi kwa unadhifu wake, wala kwa kufanana na picha, wala kwa cheti peke yake. Inathibitishwa kwa kuonyesha kwamba herufi zile sita zilikuwa juu ya karatasi ile wakati posta ilipoipokea, na nguzo ya uthibitisho wote huo ni barua iliyosafiri kweli. Atakayeikubali hoja hii itambidi abadilishe namna anavyonunua, anavyohifadhi na anavyoeleza mkusanyo wake.

Tupange kwanza matukio, kwa maana tarehe ni chombo cha kazi cha mkusanyaji sawasawa na lenzi. Kabla ya vita, barua za Usumbura, yaani Bujumbura ya leo, zilibandikwa stempu za Afrika Mashariki ya Kijerumani zenye picha ya meli ya Kaizari, bei zake zikihesabiwa kwa hela na rupia. Mwaka 1916 majeshi ya Ubelgiji yakavuka mpaka kutoka Kongo: Kigali ikatekwa Mei 6, Usumbura Juni 6, Kitega Juni 17, Kigoma mwishoni mwa Julai, na Tabora Septemba 19. Stempu za URUNDI na RUANDA ni zao la miezi hiyo. Hazikukaa peke yake kwa muda mrefu. Zilifuatwa na maandishi marefu zaidi ya lugha mbili, Kifaransa na Kiholanzi, yaliyotangaza kwamba Afrika Mashariki ya Kijerumani iko chini ya ukaliaji wa Ubelgiji. Mwaka 1918 stempu za Msalaba Mwekundu za Kongo zikatiwa herufi A.O.; 1922 zile za lugha mbili zikagongwa bei mpya; 1924 yakaja maandishi RUANDA URUNDI; na ilipofika 1931 ndipo eneo hili lilipopata stempu zilizochorwa kwa ajili yake. Tukiongeza kwamba zipo pia stempu za Kongo zilizogongwa KAREMA, KIGOMA na TABORA, ambazo hazikuidhinishwa rasmi, tunaona kwamba mkusanyaji anakabiliwa na maswali zaidi ya lile la halali au bandia. Kitu kinaweza kuwa cha zamani kweli na bado kisiwe kimewahi kuwa stempu halali ya posta yoyote.

Sasa tumtazame mghushi na hesabu zake. Mghushi wa Tombeur hahangaiki kutengeneza stempu. Stempu za Kongo za 1915 zilichapwa kwa mabamba ya chuma yaliyochongwa kwa mkono wa fundi; picha ya katikati ni nyeusi, fremu ina rangi yake, na kila moja ilikuwa na bamba lake. Wino wa uchapaji huo hausambai bapa. Unainuka juu ya karatasi, na ukiinamisha stempu chini ya taa unaona mistari imetuna. Kuiga kazi hiyo ni kazi ngumu na ya gharama. Lakini stempu yenyewe ya Kongo, bila herufi za ziada, hupatikana kwa bei ndogo. Basi mghushi hununua stempu halisi, akatengeneza muhuri mmoja wa herufi sita, akagonga. Mkusanyaji anayepima karatasi, akahesabu meno, akalinganisha rangi na kuridhika kwamba kila kitu ni sahihi, amethibitisha jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka. Uongo, kama upo, umekaa katika herufi sita tu, na huko ndiko uchunguzi unakopaswa kuelekezwa.

Jambo hili si la Urundi peke yake. Afrika Mashariki yote imejaa stempu ambazo thamani yake imo katika kitu kilichoongezwa. Stempu za India zilizopigwa chapa ya jina Zanzibar mwaka 1895 zimeghushiwa, na zile za Kijerumani zilizogongwa G.R. MAFIA baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1915 zimeghushiwa vilevile. Mfano unaofundisha zaidi, hata hivyo, unatoka Marekani, ambako mghushi hupata faida kwa kupunguza. Kuanzia 1908 posta ya Marekani iliuza stempu kwa roli, zimeungana katika mstari mmoja mrefu ili zitumike kwenye mashine. Stempu ya roli ina meno pande mbili zinazoelekeana, na pande mbili nyingine zimekatwa sawasawa bila meno. Baadhi yake ni adimu sana, ilhali dada zake za karatasi pana, zenye meno pande zote nne, ni za kawaida. Mghushi huchukua ile ya kawaida akaikata meno ya pande mbili. Au huchukua ile isiyo na meno kabisa akaitoboa pande mbili. Kwa sababu hiyo wakusanyaji makini wa stempu za roli hupenda kununua jozi ambayo haijatenganishwa, na hupima upana kwa rula. Iliyopunguzwa kwa mkasi mara nyingi huwa nyembamba kuliko inavyopaswa, na picha ya stempu za roli zilizochapwa kwa mabamba yaliyopindwa hurefuka karibu nusu milimita kuelekea upande mmoja, tofauti ambayo mkasi hauwezi kuizalisha. Maarufu kuliko zote ni stempu ya roli ya senti 3 ya mwaka 1911 inayoitwa Orangeburg, kwa jina la mji wa jimbo la New York ambako kampuni moja ya dawa iliitumia kutuma vifurushi vya sampuli zake. Kinachoisaidia zaidi kuaminika ni muhuri wa mashine ya posta ya Orangeburg uliogongwa juu yake. Wataalamu waliijua kwa mahali ilikofanya kazi.

Turudi kwenye Urundi tukiwa na somo hilo, tukaiweke stempu chini ya lenzi inayokuza mara kumi. Tuchukue stempu ya santimu 25, ya bluu, iliyotumika, yenye duara la muhuri wa posta. Tutafute mahali ambapo mguu wa herufi R unakutana na mstari wa duara hilo. Hapo pana swali moja: ni wino upi ulitangulia? Kama wino wa jina umepita juu ya wino wa posta, jina liliongezwa baada ya stempu kumaliza kazi yake, na kesi imekwisha. Lakini tujihadhari na jicho letu wenyewe. Muhuri wa URUNDI ulitumia wino mweusi au wa bluu, na wino mweusi zaidi huonekana kuwa juu hata pale ulipo chini. Kwa hiyo tusitegemee weusi. Tuinamishe stempu, tutafute mng'ao wa wino unaokatika na ule unaoendelea bila kukatika katika makutano hayo. Tukishindwa kuamua, tuandike kwamba tumeshindwa. Kisha tuende kwenye kingo. Stempu zinapotenganishwa, ncha za meno huchanika na kuacha nyuzi nyeupe za karatasi. Kama wino wa herufi umelowesha nyuzi hizo, stempu iligongwa ikiwa tayari imetenganishwa. Jambo hilo linatia shaka, ingawa peke yake halihukumu. Lakini wino ulioingia ndani ya mchaniko wa zamani au pale ambapo karatasi imebanduka kwa nyuma unahukumu zaidi, kwa kuwa unaonyesha kwamba jina lilikuja wakati stempu ilikwisha kuchakaa. Mwisho tusome muhuri wa posta wenyewe. Duara linaloonyesha mwaka 1915, au ofisi ya Kongo iliyoko mbali kabisa na vita, kama Boma au Matadi, linatulazimisha kuuliza stempu yenye jina la Urundi ilikwenda kufanya nini huko.

Hapa ndipo kuna shida ambayo vitabu vingi vya wakusanyaji huipita haraka. Tunaambiwa tulinganishe herufi na mfano halisi: urefu wa U, nafasi kati ya N na D, unene wa I. Ni ushauri mwema, ila mfano halisi umethibitishwa na nini? Kama umethibitishwa kwa kulinganishwa na mfano mwingine, na huo na mwingine, basi tunazunguka duara, na kosa la mtu wa kwanza limerithiwa na wote. Picha za katalogi haziondoi shida hiyo, kwa sababu mara nyingi zimepunguzwa ukubwa, na tofauti tunayoitafuta ni sehemu ya milimita. Duara hili lina mlango mmoja tu wa kutokea: kupata kitu ambacho historia yake inajulikana nje ya ulimwengu wa wakusanyaji. Barua inaweza kuwa kitu hicho. Barua iliyosafiri ina muhuri wa kuondokea, mara nyingi ina muhuri wa kufikia, wakati wa vita huweza kuwa na alama ya mkaguzi, ina anwani, na ina nauli. Hao ni mashahidi ambao hawakupanga ushahidi wao pamoja. Wakikubaliana juu ya tarehe, njia na nauli, herufi zilizo kwenye stempu ya bahasha hiyo zinakuwa kipimo halali cha kupimia nyingine. Bila barua kama hizo, elimu yote ya urefu wa U inaelea hewani.

Hata hivyo si kila bahasha ni shahidi. Tufanye hesabu. Stempu nane za mfululizo, yaani santimu 5, 10, 15, 25, 40 na 50, pamoja na faranga 1 na faranga 5, jumla yake ni faranga 7 na santimu 45. Nauli ya kawaida ya barua ya kimataifa wakati ule ilikuwa santimu 25 kwa uzito wa kwanza, na ndiyo maana stempu ya santimu 25 ilikuwa ya bluu, rangi ambayo Umoja wa Posta Duniani uliipendekeza kwa barua za nje, kama ulivyopendekeza kijani kwa santimu 5 na nyekundu kwa santimu 10. Bahasha iliyobandikwa mfululizo mzima ililipiwa karibu mara thelathini ya nauli hiyo. Hakuna aliyeandika barua yenye uzito huo. Ilitengenezwa kwa ajili ya mkusanyaji. Stempu zake zinaweza kuwa halisi kabisa, na muhuri wake pia, na ni vema tuihifadhi. Lakini haituelezi chochote kuhusu matumizi ya kila siku ya posta ya Urundi mwaka 1916, na thamani yake kama ushahidi ni ndogo kuliko ya bahasha moja chafu, yenye stempu moja ya bluu, iliyolipiwa nauli yake barabara. Hivyo maswali ni mawili: je, ni halisi, na je, ilifanya kazi? Soko hupenda kuyachanganya, kwa kuwa seti kamili na safi inapendeza ikipangwa kwenye albamu. Mtafiti lazima ayatenganishe.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni kujichosha, kwani zipo kamati za wataalamu. Ni kweli, na zinastahili heshima. Chama cha kifalme cha wakusanyaji cha London kina kamati ya utaalamu tangu 1894, na New York kuna taasisi ya kazi hiyohiyo iliyoanzishwa 1945. Lakini cheti ni maoni ya watu wenye ujuzi, yaliyotolewa tarehe fulani kwa ushahidi uliokuwapo tarehe hiyo. Ushahidi ukiongezeka, maoni hubadilika, na cheti cha zamani hubaki mkononi mwa mwenye mali kikisema kilekile. Pia cheti kina faida pale tu kinapofungamana na kitu kimoja kwa picha na vipimo. La sivyo karatasi nzuri inaweza kusafiri na stempu mbaya. Simwambii mtu adharau cheti. Namwambia akisome kama anavyosoma hukumu ya mahakama: atafute sababu zilizotolewa, asiishie kwenye sahihi. Cheti kisicho na sababu kinatuomba imani, na imani si kazi ya mkusanyo wa kihistoria.

Wengine watasema mashine zitatuokoa: siku hizi wino unaweza kupimwa kwa mwanga na kuonyesha umetengenezwa kwa nini. Ni msaada mkubwa, ila tuelewe unakwenda upande gani. Kifaa kikionyesha kwamba wino wa URUNDI una rangi iliyobuniwa miaka mingi baada ya vita, stempu ni ya kughushi, na hakuna rufaa. Kikionyesha kwamba wino ungeweza kupatikana mwaka 1916, hatujathibitisha kitu, kwa sababu mghushi wa mwaka 1920 alinunua wino dukani kama karani wa posta. Hivyo ndivyo kanuni ya kazi hii ilivyo kwa jumla. Ili kuikataa stempu, kosa moja lisilopatana na wakati wake linatosha. Ili kuikubali, hakuna dalili moja inayotosha. Lazima dalili nyingi, kila moja ikijitegemea, zielekee mahali pamoja. Anayetaka kukubali kwa haraka kama anavyoweza kukataa kwa haraka hajaelewa mzigo alioubeba, na mzigo huo siku zote ni wa yule anayedai kwamba stempu ni halisi.

Pingamizi zito kuliko yote ni jingine. Kwa nini Mrundi ajisumbue na vipande vya karatasi vilivyogongwa na jeshi la wavamizi, vyenye picha za nchi nyingine, vilivyotafutwa na matajiri wa Ulaya? Jibu langu ni kwamba ndiyo sababu hasa ya kujisumbua. Historia ya mwaka 1916 katika nchi hii imeandikwa zaidi na makamanda kuliko na wapagazi waliobeba mizigo yao, na nyaraka zake nyingi ziko mbali nasi. Muhuri wa posta unaosomeka unatuambia ofisi gani ilikuwa wazi, siku gani, na barua ilipita njia ipi. Stempu ya kughushi yenye muhuri wa kughushi wa Usumbura inafanya madhara zaidi ya kumlia mtu fedha zake: inaingiza tarehe ya uongo katika historia yetu, na mwanafunzi wa kesho ataitumia kwa nia njema. Aliyetawala ndiye aliyechagua herufi zile, lakini kuzisoma kwa usahihi ni haki yetu na wajibu wetu.

Basi mkusanyaji wa Bujumbura afanye nini? Stempu ya Tombeur iliyo wazi sokoni kwa bei rahisi, isiyo na historia ya umiliki, aiache. Aliyonayo aipige picha mbele na nyuma pamoja na rula, aandike aliipata wapi na lini, na aiweke chini ya neno “haijathibitishwa” bila kuona haya. Za kughushi asizichome moto. Azitie alama kwa nyuma kwa penseli na azihifadhi, maana muhuri mmoja wa kughushi uliogonga stempu hamsini hutambulika kwa urahisi pale zile hamsini zinapolinganishwa. Apeleke picha zake kwa wanaochunguza eneo hili, kama vile jumuiya ya Belgian Congo Study Circle, na aombe sababu pamoja na majibu. Na taasisi zetu, kuanzia Shirika la Taifa la Posta hadi makumbusho ya Gitega, zingefanya kazi kubwa kwa kukusanya mifano ya kulinganishia, halali na bandia, ambayo mwananchi angeweza kuiona bila kusafiri hadi Ulaya.

Lakini kazi yenye faida zaidi haipo mwaka 1916, na haihitaji fedha nyingi. Uhuru ulipopatikana Julai 1, 1962, nchi ilirudia njia ileile: stempu za maua na wanyama za Ruanda-Urundi zilipigwa chapa ya maneno “Royaume du Burundi” na mistari ya kulifuta jina la zamani. Ufalme ulipoondolewa Novemba 28, 1966, stempu za ufalme nazo zikapigwa chapa ya jina la jamhuri. Maswali yote niliyoyaeleza leo yataulizwa kuhusu stempu hizo, na tofauti ni kwamba mashahidi wake wangali karibu: barua za familia za Buyenzi, Bwiza na Ngagara, bahasha za maduka, risiti za vifurushi, makaratasi ya parokia na misikiti. Adui wa ushahidi huo ni sisi wenyewe, kwa desturi ya kulowesha bahasha kwenye maji, kubandua stempu, na kutupa bahasha. Tunabakiza kipande kidogo ambacho kitahitaji kuthibitishwa, tukatupa kile ambacho kingekithibitisha. Kwa hiyo ombi langu kwa kila aliye na kasha la barua za zamani nyumbani ni hili: stempu isibanduliwe. Bahasha ihifadhiwe nzima, pamoja na madoa yake, mihuri yake na anwani yake, kwa sababu miaka hamsini ijayo, atakapokuja mtu kudai kwamba herufi fulani ziligongwa Bujumbura mwaka 1962, bahasha hiyo ndiyo itakayotumika kupima ukweli wa madai yake.